Mkono Ambao Haukutajwa

Kitu cha kwanza kusukwa bila mtu kukisuka kilikuwa waya wa kuchajia simu.

Mama Chiriku aliamka asubuhi, akapeleka mkono mezani kuuchukua, akaukuta umesukwa pamoja na waya wa redio na wa pasi. Umekaa bapa, kingo zimenyooka, hakuna pengo hata la kupitisha sindano. Akacheka. Akamwita mumewe aliyekuwa akipiga mswaki uani.

"Baba Chiriku, umeanza lini kusuka?"

"Kusuka nini?"

"Nyaya zangu hizi hapa."

"Mimi na mafriji ya watu hatujamalizana, huko kusuka nitakuingiza saa ngapi?" Akatema povu, akajifuta mdomo, akaenda zake kazini.

Mama Chiriku akajaribu kuzifumua. Akaingiza kucha, akaingiza ncha ya mkasi, akavuta kwa meno. Zikakaza. Mwishowe akazikata, na zilipokatika zikatoa harufu ya mfuko wa plastiki uliodondokea kwenye makaa. Waya haunuki hivyo. Alijua haunuki hivyo, akafungua dirisha, akajiambia ni jirani anachoma taka.

Sasa huyu Mama Chiriku, kama hukuwahi kumwona, alikuwa mwanamke wa kusuka takataka. Walionunua kazi zake walisema ni sanaa. Chumba chake cha mbele hakikuwa na kiti cha mgeni. Kilijaa viroba vya mifuko ya plastiki, utepe uliotolewa kwenye kanda za kaseti, ile mikanda migumu ya kufungia maboksi, nyaya za simu, vyandarua vilivyochanika. Vyote hivyo vinachanwa vyembamba, vinasukwa ukili, yaani utepe mrefu wa upana wa kiganja, halafu kili zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka kinatoka kitu cha kufunika ukuta mzima. Na alama aliyoipiga humo haikuwa ya juzi. Mistari myeusi inapanda kimshazari, inapishana, inazama, inaibuka, ukiikodolea macho sana unaiona inatembea. Inaitwa mwendo wa siafu.

Alama hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya wanawake wa ukoo wa mumewe, na aliyempa ni wifi yake.

Alipoolewa, Mama Chiriku hakujua hata kufunga kamba ya kiatu ikafungika. Wifi, dada mkubwa wa mume, ndiye aliyemkalisha chini akamshika vidole kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto kula. Na majani ya kusukia yalipoanza kuadimika, ni Wifi huyohuyo aliyeokota mfuko mweusi njiani, akauchana, akasema, "Hebu tuone na huu kama una mfupa." Kila kitu kilitoka hapo. Halafu Wifi akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mkono ukabaki unaning'inia kama nguo ya mtu mwingine. Akahamia kwa kaka yake, wakamwekea kiti karibu na mlango wa chumba cha kazi, na kazi yake ikawa kutenga mifuko kwa rangi, kwa mkono wa kushoto. Kusema alisema vizuri tu. Tena wapo walionong'ona kwamba heri hicho kiharusi kingeanzia kwenye ulimi, maana Wifi hakuwa mtu wa kumeza neno.

Yeye na Mama Chiriku walikuwa na yao. Nani kamaliza sukari, nani kamwangalia nani vibaya, nani alisema nini msibani mwaka ule. Mambo ya mawifi. Lakini kwenye kazi kulikuwa na jambo moja ambalo hata wakiwa hawasemezani hawakulivunja. Unapokata mkia wa ukili wa mwisho, unautaja kwa sauti mkono uliokufundisha. Unasema, "Huu ni mkono wa fulani." Hapo kazi imefungwa. Ndivyo walivyofanya wanawake wa ukoo ule wote, na hakuna aliyewahi kuuliza usipotaja inakuwaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuacha.

Basi siku moja kabla ya habari ya zile nyaya walikuja watu wa ukumbi wa maonyesho na kamera zao. Walitaka kumpiga picha akimalizia ile kazi yake kubwa, ya kutundikwa ukumbini, ambayo wageni kutoka mbali wangekuja kuitazama. Mama Chiriku kavaa, kajipaka, kafunga kitambaa kipya kichwani. Akachukua mkasi, akakata mkia.

"Mama," mpiga picha akamuuliza, "alama hii umejifunza wapi?"

Wifi alikuwa palepale mlangoni, mfuko wa bluu mapajani.

"Hii?" Mama Chiriku akacheka kile kicheko cha mbele ya wageni. "Hii haifundishwi. Nililala nikaiota. Huu ni mkono wangu mimi mwenyewe."

Mwanawe alikuwepo, ndiye huyo Chiriku, mtoto wake wa pekee, aliyeitwa hivyo kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kupumzika. Akasema kwa nia ya kumsaidia, "Mama umesahau. Si shangazi ndiye alikufundisha?"

Wageni wakacheka. Mama Chiriku akamkata jicho.

"Wewe, funga huo mdomo wako. Ufunge kabisa, nisikusikie tena."

Wifi akarudi kwenye mifuko yake. Bluu na bluu, nyeupe na nyeupe. Hakusema kitu, na kwa aliyemjua, hapo ndipo pa kuogopa.

Baada ya nyaya zikaja tambi. Kazitia kwenye maji ya moto, kageuka kuchukua chumvi, kageuka tena, zimesukwa ndani ya sufuria, utepe mmoja mweupe unazunguka polepole kama unaota jua. Akazimwaga uani. Kuku wa jirani akaja mbio, akatazama, akaondoka kwa mwendo wa heshima. Zikaja nyuzi za pazia. Zikaja kamba za viatu vya mume, kiatu cha kulia kimesukwa na cha kushoto, akaanguka mlangoni akiwa na kikombe mkononi, akauliza nani anamchezea nyumbani kwake mwenyewe. Na kila mara kabla ya kukuta kitu, kulitangulia sauti: chakara, chakara, kama mtu anayefungua mfuko taratibu asiamshe waliolala. Majini ya watu wengine huja gizani. Hili lilikuja saa za kazi, redio inasema, jua limejaa dirishani.

Halafu likaja kwenye nywele.

Chiriku alilala nywele zimechanuliwa. Asubuhi mama yake akamkuta kasukwa. Mistari imeanzia kisogoni, myembamba, imebana mpaka ngozi ya kichwa inang'aa, inapanda kimshazari, inapishana, inazama, inaibuka.

"Nani kakusuka?"

"Sijui."

"Shangazi yako?"

"Kwa mkono upi, mama?"

Akanyamaza hapohapo. Mtoto wa kuuliza mwezi unashikiliwa na nini, leo anajibu na kunyamaza. Mama Chiriku akamweka katikati ya magoti akaanza kufumua. Akifumua msuko mmoja, akishika wa pili, ule wa kwanza unajifunga nyuma ya vidole vyake, kimyakimya, kama maji yanavyofunga palipopita jiwe.

Kesho yake mistari ilikuwa imefika utosini na mtoto anajibu neno mojamoja. Ikafika kwenye paji la uso, mahali pasipo na nywele, na Mama Chiriku akadhani sasa itakoma. Haikukoma. Vile vinyweleo vya usoni ambavyo mtu havioni mpaka ashikwe na baridi, navyo vikaanza kusukwa, uzi mwembamba kama wa buibui ukishuka shavu hili na shavu lile, kuelekea mdomoni. Chiriku hakusema tena. Akitaka maji ananyoosha kidole.

Walimpeleka hospitali. Daktari akammulika koo, akasema koo ni zima, labda mtoto kaudhiwa na kitu. "Kaudhiwa na nini?" Baba Chiriku akamuuliza mkewe njiani, naye akatazama upande wa pili wa barabara.

Alasiri ile akamlaza mtoto chumba cha mbele, kwenye godoro, chini ya ile kazi kubwa iliyotundikwa ukutani ikisubiri kuchukuliwa. Akakaa naye. Akasema leo sibanduki hapa. Redio ikawa inasoma matangazo ya vifo, halafu ikakwaruza, ikafifia, na ile harufu ya plastiki ikaingia, kwanza kidogo, kama ya mbali, kisha ikamkaa kooni, na sauti ikaanza, chakara, chakara, siyo dirishani wala jikoni bali nyuma ya ile kazi, kati ya ukili na ukuta ambapo hata mjusi hapiti, na Mama Chiriku akabaki ametumbua macho tu akiangalia vidole vinatokeza chini ya ukingo, vyeusi, vyembamba, vinang'aa kama utepe wa kaseti, virefu kupita urefu wa vidole, vingi kupita wingi wa vidole, havina vifundo vya kukunjia lakini vinakunjika popote vinapotaka, vikashuka mpaka shavuni kwa mtoto, na bila haraka, kwa upole kabisa, upole wa mtu aliyeipenda kazi yake, vikaendelea kusuka pale vilipoachia.

Akajikokota mpaka kwa mtoto. Akasema, "Mwache mwanangu."

Vidole vikasimama. Halafu nyuma ya ukili ikatoka sauti, na ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe, ile ya mbele ya wageni. "Ufunge kabisa. Nisikusikie tena." Ikasema tena, kama inapima urefu wa uzi: "Karibu namaliza."

Mganga waliyemwita alikuwa mwanamke mnene aliyeuza mkaa mtaa wa nyuma, wakimwita Mama Mkaa. Alifika na vumbi lake jeusi mikononi, akasimama kizingitini, akanusa, akakataa kuingia.

"Mimi hapa sina wa kumfukuza," akasema kwa sauti ya chini.

"Yumo ndani, mama. Nimemwona."

"Sijasema hayumo. Nimesema sina wa kumfukuza. Jini anayefukuzwa ni aliyevamia. Huyu hakuvamia, huyu kaajiriwa." Akamtazama Mama Chiriku machoni. "Kazi ya ukoo uliiacha bila kuifunga. Na hapohapo, kazi ikiwa wazi, ukaagiza mdomo wa mtoto ufungwe. Kuna aliyesikia, akaona akusaidie."

"Ulikuwa mzaha tu. Kila mama husema hivyo."

"Mwambie yeye."

"Nifanye nini sasa?"

"Kilichokosekana ni jina. Unalijua. Na uliponyimia ndipo pa kutolea, mbele ya macho ya watu, siyo uvunguni. Fanya kabla uzi haujakutana na uzi." Akajipangusa mikono kwenye sketi, akaondoka bila hata kunywa maji.

Mama Chiriku akamwendea Wifi. Akapiga magoti mbele ya kile kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Wifi, mwite mtu wako arudi."

"Si mtu wangu. Mimi sikutuma mtu." Wifi hakuacha kutenga mifuko.

"Basi itikia tu." Maana ndivyo ilivyokuwa pia: mwenye mkono akitajwa angali hai, husema nimesikia, ndipo aliyemtaja anakuwa huru na kazi yake. "Sema nimesikia, wifi. Neno moja, yaishe."

"Nimesikia nini? Umeniita?"

"Nakuita sasa."

"Unaniita humu ndani, tukiwa wawili." Wifi akauweka mfuko chini. "Mtoto huyu ni damu ya kaka yangu. Unadhani haniumi? Kila kukicha namtazama mdomo, natamani nimkwangue kwa kucha. Lakini siwezi kuitika wito ambao haujaitwa. Ningeitika siku ile. Nilikuwa nimekaa hapahapa mlangoni, nakutazama, nasema moyoni sasa ananitaja, sasa ananitaja. Ukaota ndoto."

"Nitasema, wifi. Ukumbini, mbele ya watu wote."

"Usiniahidi mimi. Mimi najua nilichofundisha."

Siku ya ukumbi ilifika na watu wakajaa, nguo za kupigwa pasi, manukato, glasi za juisi. Ile kazi ilitundikwa ukuta wa mbele chini ya taa, na kila aliyeingia alisimama akasema mh. Baba Chiriku alimsukuma dada yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka safu ya mbele. Mtoto wakamfunika mtandio. Nyuzi zilikuwa zimefika pembe zote mbili za midomo.

Wakampa Mama Chiriku maiki. Akawaona wale wa kamera, walewale. Akamwona mwenye ukumbi anatabasamu kwa meno yote. Akaona jinsi wote walivyomtazama, kama wanamtazama mtu wa maana, na hakuwahi kutazamwa hivyo. Nalo ndilo lililomponza tena.

"Nawashukuru sana," akasema. "Na nawashukuru wazee wetu, waliotutangulia, waliotuachia mila hizi."

Wakapiga makofi. Na chini ya makofi akasikia chakara, chakara, nyuma yake, ukutani, haraka safari hii, haraka ya mtu anayekimbilia kumaliza.

Chiriku akamvuta baba yake shati. Baba akainua ule mtandio, akatoa sauti ambayo wale wa safu ya mbele hawakuisahau, kwa sababu mtoto hakuwa na mdomo tena, palikuwa na ukili, mwembamba, mzuri, kingo zimenyooka kutoka shavu mpaka shavu, na sasa ulikuwa unageuka kupanda kuelekea puani, na macho ya mtoto yalikuwa wazi yanamtafuta mama yake.

"Nimewadanganya," Mama Chiriku akasema. Maiki ikalia, watu wakaziba masikio. "Sikuota. Sikutunga. Nilikuja nyumba ile sijui hata kushika jani. Huu ni mkono wa wifi yangu." Akalitaja jina lake. Siyo Wifi, siyo Shangazi, siyo Dada. Jina lake lenyewe, alilopewa alipozaliwa, ambalo hakuna aliyelitumia miaka na miaka, hata kaka mtu alishtuka kulisikia.

Ukili ukaachia. Misuko yote ya kichwa ikafumuka kwa mpigo mmoja, nywele zikasimama huku na huku, na Chiriku akavuta pumzi kwa mdomo, akakohoa, akasema, "Mama, midomo inawasha. Baba, midomo inawasha, mbona watu wananitazama, shangazi, mbona unalia?" Akaendelea hivyo, na baba yake akamkumbatia akimwomba aseme tu, aseme yote, asinyamaze.

Mama Chiriku akataka kumkimbilia. Lakini mdomo wake ulikuwa haujamaliza.

"Naye alifundishwa na," ukasema, ukamtaja bibi yake Wifi. "Naye alifundishwa na," ukamtaja mama wa huyo bibi. Watu wakadhani ni heshima, wengine wakapiga makofi. Ukaendelea. Ukataja majina ambayo hata Wifi hakuwahi kuyasikia, majina ya wanawake waliosuka kabla ya watu kujua kitambaa, majina ambayo hayasemwi tena na mtoto yeyote, moja baada ya jingine, yanapanda, yanapishana, yanazama, yanaibuka, na Mama Chiriku macho yamemtoka, mkono umejibana mdomoni, na sauti inapita katikati ya vidole. Mwenye ukumbi akazima maiki. Haikusaidia kitu. Wakamtoa nje akitaja, wakampakia garini akitaja.

Na mpaka sasa anataja. Akilishwa anameza katikati ya majina. Akilala midomo inacheza. Yakifika mwisho, kama yana mwisho, hurudi mwanzo kwa Wifi, maana yeye ndiye wa kwanza, na baada ya jina lake pana nafasi ndogo, ya kuvuta pumzi tu, ambapo panangojewa neno moja. Likikosekana, anaanza tena.

Neno lenyewe kila mtu analijua. Baba Chiriku alimpigia dada yake magoti, na yeye ni mwanamume mwenye mgongo mbovu. Mama Mkaa alikuja, akaomba, akaondoka. Wifi amekaa pembeni ya kitanda, anakula vizuri siku hizi, amenawiri usoni. Kiti wamemhamishia hukohuko. Anapenda kuwa karibu.

"Shangazi," Chiriku humwambia kila siku, na huyo mtoto hachoki, "amekutaja tena sasa hivi. Nimemsikia mimi. Wewe hukusikia?"

Wifi humpangusa mtoto shavu kwa ule mkono wake mzima, taratibu, kwa upendo kabisa.

"Nani, mama yako?" husema. "Sikumpata vizuri. Mwache arudie."